Wote Watatu Nyumbani

Wenzake wa meza ya pasi walikuwa wakimtania Mama Kidosho kwamba yeye hana mume, ana zamu. Alicheka nao tu, maana angewabishia kwa lipi? Mchana kutwa alinyoosha mashuka ya hoteli. Mumewe alilinda ghala usiku kucha, na mchana alibaki na mtoto, akisinzia jicho moja wazi. Hela ya kumlipa mtu wa kumshika Kidosho haikuwapo. Basi walikutana jioni mlangoni, huyu anaingia, yule anatoka, mtoto anahamishwa bega.

"Amekula?"

"Amekula. Kikohozi kimepungua."

Ndoa ndiyo hiyo, imekwisha hadi kesho.

Kisha kima cha chini cha mshahara kikapandishwa. Mama Kidosho alisikia redioni, wala pasi yake haikusimama. Mambo ya redioni hayakuwa na mazoea ya kufika mfukoni mwake. Mwisho wa mwezi alipofungua bahasha, aliirudisha kwenye dirisha la mhasibu.

"Umenipa ya msimamizi, kaka."

"Ni yako hiyo, mama. Ni sheria sasa."

Alisimama pale akizihesabu upya noti, mpaka wa nyuma yake akamsogeza taratibu.

Ya mumewe nayo iliongezeka. Walijadiliana pale mlangoni vipande vipande, jioni baada ya jioni: shangazi wa nyumba ya pili alipwe, amshike mtoto mchana, na baba aombe zamu ya mchana. Mama Kidosho aliogopa hata kufurahi, asije akaliharibu jambo. Alichokitaka kilikuwa kidogo mpaka akaona haya kukisema: wakae watatu, kwa wakati mmoja, wote wakiwa macho.

Zamu ikabadilishwa. Siku ya kwanza alimpitia Kidosho kwa shangazi, akabandika sufuria. Nje bado kweupe, Baba Kidosho akaingia, akatundika koti la kazini, akaketi. Mkewe hakuwa anajua jinsi mtu huyu anavyoketi akiwa hana haraka. Kumbe hukunja mguu mmoja, akaukalia. Kumbe huvuma wimbo puani. Alimtazama, mwiko mkononi, kama anayeonyeshwa kitu cha ajabu ambacho kilikuwa chake siku zote.

Kidosho alimkimbilia babake, akamkumbatia goti. Halafu akaenda uvunguni, akarudi akiburuta viatu vya mamake, kimoja, kisha cha pili. Akavipanga mbele yake na kumpungia mkono.

"Kwaheri, mama."

Hakuwa na huzuni hata chembe. Tangu azaliwe, mzazi mmoja akiingia, mwingine hutoka. Baba aliacha kuvuma, akainamisha uso.

Mama akachuchumaa. "Siendi, mwanangu."

"Baba anaenda?"

"Baba naye haendi."

Mtoto akamtazama mama, akamtazama baba, akarudi kwa mama, macho yamemtoka pima. Kisha akakimbia mlangoni, akausukuma ukafungika, akauegemea kwa mgongo na mikono ameitandaza.

Walimbembeleza aje kula, akatikisa kichwa. Ikabidi wahamishe sufuria na sahani, wakakaa sakafuni pale mlangoni, wakala wote watatu.