Tembe Nne za Theuri

Mara ya kwanza Theuri alirudishwa kutoka mlangoni mwa thieta, chumba cha upasuaji, kwa sababu presha yake ilikuwa mia moja tisini na nane. Mara ya pili ilikuwa mia mbili na nne. Mara ya tatu walimpima, wakangoja, wakampima tena, kisha wakamrudisha wodini akiwa bado na lile gauni la kijani linalofungwa nyuma kwa kamba. Mkewe Kabura alifuata kitanda akiwa amelishika gauni lisifunguke, maana mzee wa kanisa hawezi kuonwa makalio na Nyeri nzima.

"Wananipima nikiwa nimeshtuka," Theuri alisema. "Nani hashtuki akiona visu?"

"Hukuona kisu chochote. Ulikuwa umefumba macho."

"Niliviona nikiwa nimefumba."

Ndivyo walivyokuwa hao wawili wa Giakanja, miaka arobaini na mitatu ya ndoa, kila siku na kamchezo kao. Lakini uvimbe uliokuwa ndani ya utumbo wa Theuri haukujua michezo. Kwenye picha ya Februari ulikuwa kama limau. Kwenye picha ya Mei ulikuwa kama yai la bata. Daktari mpasuaji alimwita Kabura kando, pale karibu na sinki, akamwambia bila kuzungusha maneno: safari hii wakikosa, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne, na baada ya miezi minne hakutakuwa na kitu cha kukata. Utakuwa umeshaingia kwenye ini.

Kabura alirudi kitandani, akamfunika mzee miguu, asimwambie.

Jioni ya kuamkia mara ya nne, daktari wa nusukaputi alipita wodini. Aliitwa Kajuju, mama wa makamo kutoka Timau, mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia. Alivuta kiti akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa, akawaita hao wawili guka na shosho, babu na bibi.

"Guka, watu wanaogopa kisu. Mimi naogopa zile dakika tano za kwanza, nikikulaza. Ile dawa ikiingia, mishipa inalegea, presha inaanguka. Moyo nao unaweza kukimbia sana, ama uanze kuburuta miguu. Kazi yangu ni kushika hizo mbili, presha na moyo, zisiniponyoke. Ni kama kuteremsha ng'ombe kwa mteremko wa matope. Humvuti, na humwachilii."

"Na akiteleza?" Theuri aliuliza.

"Niko na dawa ya kumsimamisha. Lakini lazima nijue amekula nini." Akamgeukia Kabura. "Shosho, hii tembe ndogo ya moyo, utampa kesho asubuhi na kijiko cha maji. Hii kubwa nyeupe ya presha, usimpe leo jioni, na usimpe kesho. Inapigana na dawa zangu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Presha ikiwa juu kidogo, hiyo niachie mimi."

Juu kidogo. Kabura alilitafuna neno hilo daktari alipokwisha kwenda. Mia mbili na nne haikuwa juu kidogo. Mtu anarudishwa mara tatu kwa sababu ya presha, halafu unaambiwa umnyime dawa ya presha? Huyo ni mtu ananyeshewa, nawe unamwambia afunge mwavuli. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, hakujiona mjinga, lakini hilo lilikataa kumwingia. Alichokijua ni kimoja: pale mlangoni kulikuwa na namba, na namba ikiwa mbaya, mlango haufunguki.

Kwa hiyo jioni ile alimpa tembe nyeupe mbili badala ya kutompa hata moja. Alfajiri akampa nyingine mbili, pamoja na ile ndogo ya moyo. Theuri hakuhesabu. Mambo ya dawa alimwachia mkewe zamani, kama alivyomwachia mambo ya mbegu.

Kulipopambazuka Kabura alianza kumtegea vitendawili ili moyo wake utulie, wasije wakampima ameshtuka tena.

"Shika hiki, Baba Wacera," akamwita kwa jina la binti yao.

"Nimeshika."

"Niko na mfanyakazi nyumbani. Nikikimbia, anakimbia. Nikilala, yeye halali."

"Moyo," Theuri alisema. "Hicho ni cha watoto. Shika changu. Mwizi anakuja mchana, na mwenye nyumba anampa mkono mwenyewe."

Kabura alifikiri. Aliwaza mkwe, akawaza mtoza ushuru wa soko. Akashindwa.

"Ni yule mama wa Timau," Theuri alisema. "Atanidunga mkononi aniibie usingizi, na mimi nimemnyooshea."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, Moffat, aliyekuwa na mguu uliotundikwa, alicheka hadi akaushika ule mguu kwa maumivu.

Saa mbili unusu nesi Wangui akaja na mashine. Mia moja thelathini na mbili, kwa sabini na nane. Wangui akapima mkono wa pili asije akawa ameona vibaya. Ilikuwa ile ile.

"Guka, leo uko kama kijana."

Kabura alishukuru Mungu kwa sauti, bila aibu yoyote. Kitanda kikasukumwa. Mlangoni mwa thieta Kajuju aliwangoja akiwa amevaa kofia, akaisoma karatasi ya vipimo, akatabasamu.

"Shosho, ile nyeupe hukumpa?"

"Sikumpa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alilisema akimtazama usoni. Baadaye angejiuliza ulimi wake ulipata wapi wepesi ule, yeye ambaye hajawahi kuwadanganya hata wanunuzi wa maziwa. Lakini wakati ule aliona mlango ukifunguka, Theuri akiingizwa miguu mbele, na akaona amefanya kazi nzuri.

Aliketi kwenye benchi la ukutani na kiondo chake. Zilipita dakika kumi, pengine kumi na tano. Ndani mashine moja ilikuwa ikilia taratibu, na ghafla ikabadilisha mlio. Wangui, aliyekuwa ameingia na mgonjwa, akatoka mbio, akaingia chumba cha dawa, akatoka na chupa mbili za maji ya dripu kifuani.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Presha imekataa kupanda, shosho. Tunampa dawa, haishiki."

Basi hapo Kabura alijua. Hakuambiwa na mtu. Aliinuka kwenye benchi. Akinyamaza, hakuna mtu duniani angejua. Wangesema mzee moyo wake ulichoka. Akisema, ataonekana alivyo. Alimshika Wangui mkono wa gauni.

"Mwambie daktari nilimpa. Nne."

"Nne gani?"

"Zile nyeupe. Mbili jana, mbili asubuhi."

 Wangui akauvuta mkono wake, akaingia, na mlango ukajifunga polepole kama unavyojifunga siku zote.

Kabura alijaribu kuomba, akakuta hajui aombe kwa jina gani, la mke au la mwizi. Akabaki akihesabu vigae vya sakafu. Alikuwa amevihesabu mara tatu Kajuju alipotoka, barakoa ikining'inia shingoni, kofia imelowa jasho. Hakusimama mbele yake. Aliketi kando yake kwenye benchi.

"Yuko hai," alisema.

Kabura alikiweka kiondo sakafuni, akamgeukia.

"Nilikuuliza mara mbili, shosho," Kajuju alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuwa nampa dawa ya kawaida ya kupandisha, na zile tembe zako zinaifungia mlango. Mapigo ya moyo yalishuka hadi thelathini. Uliposema, nikabadilisha dawa. Usingesema, tungekuwa tunaongea mambo mengine hapa." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Na mimi pia nilikosea. Mtu wa mia mbili juzi, leo mia na thelathini, nami nikafurahia namba. Nilikuwa nimechoka kumrudisha."

"Na uvimbe?"

"Hatukukata."

"Mtakata lini?"

Kajuju aliivua kofia iliyolowa, akaikunja.

"Moyo umeumia leo. Umekaa bila damu ya kutosha. Siwezi kumlaza tena, shosho, na sijui mtu hapa ambaye atakubali. Nikimlaza tena hataamka."

"Hata baada ya miezi minne?"

"Hata baada ya hiyo."

Mchana Theuri alifungua macho akiwa wodini. Midomo ilikuwa imekauka, na Kabura aliilowesha kwa kitambaa. Moffat wa kitanda cha pili aligeuza uso ukutani, akajifanya amelala. Mkono wa Theuri ulitembea chini ya shuka ukielekea tumboni. Ukapapasa, ukarudi, ukapapasa tena. Hapakuwa na bandeji, hapakuwa na kidonda.

"Wameshonea wapi?" aliuliza.

"Hawakukata."

"Presha tena?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, nao usingekuwa uongo kamili. Kabura alikiweka kitambaa kwenye bakuli.

"Presha ilishuka. Niliishusha mimi. Nilikupa tembe nne wakati nilikatazwa. Nilitaka wakukubali pale mlangoni. Moyo wako umeumia, na sasa hawawezi tena. Hata siku nyingine."

 Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la chakula, sufuria zikigongana.

"Ungeniambia," Theuri alisema. "Ningekataa."

"Najua ungekataa."

"Daktari mpasuaji alisema imebaki muda gani?"

"Ulijuaje kwamba alisema kitu?"

"Nilikuona ukirudi kutoka kwa sinki. Nilikuwa nimefumba macho."

Kabura alimwambia: miezi minne, kisha ini. Theuri alisikiliza, akavuta pumzi ya nusu, ile aliyobakiwa nayo.

"Basi mwambie Wacera asingoje Disemba kuja," alisema. "Na wewe ule kitu. Tangu jana sijakuona ukila."

Kabura alichukua kipande cha ngwaci kutoka kwenye kiondo, viazi vitamu alivyokuwa amemchemshia Theuri, avile akishapona. Akala mbele ya macho ya mumewe, kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa ameambiwa.