Mahali Patupu pa Namukhwa

Mimi si mwoga. Nimewahi kumfukuza fisi kwa mwiko, na wanaocheka nikisimulia hivyo ni walewale waliokuwa wamejifungia ndani siku hiyo. Lakini bonge la udongo lilinitia hofu ambayo haijaniisha, na yote yalianza kwa sababu tulitaka kijiji chetu kionekane kizuri.

Mwaka wa 2005, mahindi yakiwa bado kiunoni, alifika Namukhwa msichana mmoja kutoka Kitale, jina lake Jepkorir. Kazi yake ilikuwa kuandika habari za vijiji vya huku mlimani, ili wageni waje kutembea na wawekezaji waje kujenga. Alipiga picha maporomoko yetu ya maji, akapiga mapango, migomba, hata jogoo wangu asiye na adabu. Kisha akasimama shambani mwangu akanyoosha shingo.

"Mama, hii miti inaficha maji. Mgeni anapenda kuona mbali."

Miti yenyewe ilikuwa minyaa, ile yenye utomvu mweupe unaochoma macho. Kwetu mashamba hayakuwa yamepimwa; minyaa ndiyo iliyokuwa mpaka. Baba mkwe wangu aliipanda kati ya wanawe wawili: marehemu mume wangu Wekoye upande huu, mdogo wake Hesbon upande ule. Lakini Mzee Khaemba, mwenyekiti wa kijiji, aliposikia neno mgeni, akili zikamruka.

"Ng'oeni! Ati mnangoja nini? Mnataka hawa watu waende Cheptais watuache?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji ang'oe mpaka wake. Sisi tuling'oa. Kijiji kizima kilitoka na majembe, nyimbo na chai ya maziwa, kutoka mtoni hadi barabarani. Mimi na Hesbon tuling'oa wa kwetu pamoja huku tukitaniana, maana tulikuwa shemeji wa kutaniana, mulamwa kwa lugha yetu. Hata mizizi tuliichoma.

Jumapili, baada ya ibada, Jepkorir alitusomea alichoandika. Kijiji chenye hewa safi, watu wakarimu, asali tamu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, maana ni nani asiyependa kusifiwa? Mwishoni akasoma kwamba karibu na maporomoko, kwenye mashamba ya ukoo wa Wekoye, kuna mahali patupu panapofaa kujengwa kambi ya wageni. Makofi yangu yalikatika hapo.

Asubuhi yake nilimkuta Hesbon amechomeka vijiti viwili ndani ya shamba langu, kimoja juu na kimoja chini.

"Mpaka ulipita hapa, mulamwa," alisema, akitazama vidole vyake vya miguu. Kwa vijiti vile mahali patupu pakawa pake, na pesa za kambi pia.

Hapo mahali patupu yuko mwanangu Nanyama. Alikufa kwa surua hajamaliza kuota meno, na sisi mtoto mdogo hatumwekei saruji. Tulimzika upande wetu, hatua chache kutoka kwenye minyaa, mkabala na mti mmoja uliopinda. Hesbon ndiye aliyechimba kaburi, kwa sababu Wekoye alishindwa kushika jembe. Mvua na miaka vikasawazisha ardhi, lakini mimi nilikuwa nikiutazama ule mti uliopinda nikajua alipo. Sasa mti ulikuwa majivu. Nilizunguka pale kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Mama mzima, sikujua mtoto wangu yuko wapi, na watu walikuwa njiani kuja kumchimbia choo juu yake.

Mzee Khaemba akasema kwamba bila bikoni, yale mawe ya wapima ardhi, na bila minyaa, njia imebaki moja tu, ya udongo.

Ni desturi ya zamani. Mchungaji wetu haipendi, na bado hathubutu kuicheka. Anayedai mpaka huwekewa bonge la udongo kichwani, juu ya jani la mgomba, halafu anatembea pale anaposema mpaka ulipita, mwanzo hadi mwisho. Akipita pasipo penyewe, anakufa kabla ya mavuno, na haijalishi kama amedanganya au amekosea. Tena udongo ukishapanda kichwani hautuliwi njiani. Atakayekusaidia kuutua amekubali kubeba pamoja nawe chochote kitakachokupata.

Hilo la kukosea ndilo lililonimaliza. Binti yangu aliyebaki, Viola, alikuwa shuleni Kibabii, na kila nikifumba macho namwona amevaa nguo za matanga. Nikitembea kwa kubahatisha, namwacha yatima. Nisipotembea, namwacha Nanyama chini ya choo cha wageni. Niliogopa hata kuinama kuchuma mboga.

Siku ilipofika jua lilikuwa utosini na watu wamejaa. Jepkorir naye alikuja na kamera yake, maana alikuwa ameambiwa kuna mila.

"Hii wageni watapenda sana," akasema, meno nje. Nusura nimzabe kofi.

Mzee Khaemba alininyooshea lile bonge. Lilikuwa bichi, na nyungunyungu alikuwa akijikunjua ndani yake.

"Mama Viola, beba."

"Sibebi." Sauti ilinitoka nyembamba. "Mpaka nilikuwa najua, tukang'oa. Sasa sijui. Siwezi kuapa na kitu sijui."

Watu waliguna. Hesbon akapiga makofi mara moja. "Si mmesikia? Amesema mwenyewe hajui. Imeisha, bana."

"Haijaisha," nikamwambia. "Wewe si unajua? Basi beba wewe."

Alicheka akiwatazama watu, na hakuna aliyecheka naye. Mkewe alijifunika uso kwa leso. Mzee Khaemba akamwekea udongo kichwani.

Alianzia kwenye kijiti cha juu, mkono mmoja ukishika jani. Nilimfuata kwa macho nikiogopa mambo mawili: kwamba atafika, na kwamba akifika atakufa. Huyu ndiye aliyenichotea maji wakati wote wa matanga ya Wekoye. Tamaa ilimwingia, ndiyo, lakini sikutaka afe.

Katikati ya vijiti aliinua mguu wa kulia na haukushuka. Ulibaki hewani, kisha akaurudisha nyuma. Akajaribu tena. Sisi wengine tuliona nyasi tupu, sawa kila upande. Yeye ndiye aliyechimba pale, na kwetu aliyemzika mtoto hamkanyagi.

"Mulamwa," aliita. Jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka kidevuni. "Mtoto yuko hapa. Siwezi pita."

Na kurudi hakuweza, udongo ukiwa kichwani. Alisimama pale, mwanamume mzima mwenye ndevu, akilia bila kujificha.

"Nitue. Tafadhali, mulamwa, nitue."

Hakuna aliyesogea, hata mkewe. Nilimwona Viola tena na zile nguo za matanga. Kisha nikajikuta natembea, na sikumbuki kuiamuru miguu yangu. Nikashika jani upande huu, naye upande ule, tukautua udongo mbele ya vidole vyake, juu ya mwanangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na yangu pia.

Jepkorir alikuwa ameshusha kamera. Alikuja taratibu akasimama mbali kidogo.

"Mama, sasa hapa niandike nini?"

"Futa hiyo patupu," nikamwambia. "Andika hapa pana mtu."

Tulipanda minyaa upya, mimi nikichimba na Hesbon akishindilia. Mahindi yakakomaa, tukavuna, na hakuna aliyekufa. Mzee Khaemba anasema tusijisifu mapema, udongo hauna haraka. Kwa hiyo Hesbon akikohoa tu upande wa pili wa minyaa, mimi hutupa jembe nikakimbia kumwangalia. Na mimi nikipiga chafya, kabla sijafuta pua, yeye yuko mlangoni.