Wamama Watano Ndani ya Kaske

Ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho. Kesho yake asubuhi vyombo vyote vingepanda boti kurudi Bukavu, na mimi nilikuwa bado sijamsikia mama mkwe wangu.

Alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Kabla ya hapo, vijana wa sanaa walifika katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya wakamrekodi, yeye na wanawake wengine wanne, kila mmoja akifanya au kusimulia jambo la kwao. Sasa walikuwa wamewatia wote ndani ya kaske, ile miwani mikubwa inayofunika macho na masikio, katika sale, ukumbi wa parokia hapa Goma. Ukiivaa unajikuta umesimama katikati ya uwanja, wanawake watano wamekuzunguka, wamekupa mgongo. Ukimwita mmoja kwa jina, anageuka na kuanza. Ukimkaribia, sauti yake inakua.

Mama mkwe aliimba wimbo wa kusukasuka maziwa. Volkano ilipochoma nyumba yetu mwaka 2021, nikiwa na mimba ya Mahoro, tulikimbilia kwake Rutshuru, na mtoto akazaliwa akisikia kibuyu chake cha maziwa. Mwaka uliofuata vita vikatutoa wote. Ng'ombe walibaki, kibuyu kilibaki. Kambini alitia maji kidogo katika bidon, dumu la njano, akaitikisa na kuimba, na mtoto akalala. Mimi nilikuwa kwenye masomo ya jioni. Nikirudi, nilikuwa nakuta mtoto amelala, wimbo umekwisha. Tangu bibi yake afe ninajaribu kuuimba kila jioni, na kila jioni Mahoro ananifunga mdomo kwa vidole vyake: "Siyo vile, mama."

Gentil, kijana wa mashine, alinifunga kaske. Nikaona migongo mitano. Wa kwake niliutambua kwa kitambaa cha bluu.

"Ita jina yake," alisema.

Nikaishika kaske kwa mikono miwili.

"Mama, usiogope mashini. Haiume."

"Siogope mashini. Ni mama mukwe wangu."

"Ndiyo. Ita jina."

Kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mkwe wake, awe hai au amekufa. Hata karani wa kambi aliponiuliza, nilimnyooshea tu kadi ya mama mkwe.

"Sema pole pole," Gentil alisema nilipomweleza. "Nani atasikia?"

"Yeye."

"Basi nikuitie mimi." Akafikiri. "Hapana. Mikro inayosikia sauti iko ndani ya kaske. Nikivaa mimi, nitasikia mimi, na nikiivua inazima."

Kwenye benchi la ukutani, mama mzee Nyirakamana alicheka. "Kijana, wiki nzima tunaingia na kutoka. Ulifikiri tunakimbia nini?"

"Niliandika kwenye ripoti kwamba bamama banaogopa teknolojia."

"Bamama banangojea upate adabu. Kwenu Bukavu hakuna wakwe?"

"Wako, mama. Mimi sijaoa bado."

"Na nani atakupa mutoto wake?"

Wanawake wa benchini walicheka naye. Mimi sikucheka. Jina lilikuwa limefika kwenye meno. Ni mwanga na sauti tu, nilijiambia. Na kwa ajili ya Mahoro ningeweza. Nilifungua kinywa, nikautazama ule mgongo uliombeba mwanangu, nikakifunga tena.

"Ulikuwa unamuitaje?" Gentil aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mama."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Nilimsikia akibonyeza, akisonya, akibonyeza tena.

"Nimeifundisha hilo neno. Jaribu."

"Mama," nikasema.

Wote watano waligeuka.

Sijui tulitegemea nini. Hapa Goma, mwanamke gani si mama? Mmoja alianza kusimulia siku ya majivu ya volkano, mwingine akatwanga sombe, majani ya muhogo, wengine wakaimba. Sauti juu ya sauti.

"Pardon, pardon, ngoja nitengeneze," Gentil alisema.

"Usiguse."

Nilitembea. Miguu ilikuwa kwenye saruji ya ukumbi, macho kwenye mawe meusi ya kambi. Hatua kwa hatua wale wanne walirudi nyuma na maji ya bidon yakaja mbele. Alinitazama usoni; alikuwa akitazama kamera, najua. Nikachuchumaa mbele yake, nikaimba nikimfuata mstari kwa mstari, na hapo nikajua kosa langu. Mimi nilikuwa naimba mfululizo, kama somo la kukariri. Yeye alikuwa anaimba mstari mmoja, ananyamaza, anaacha maji yagonge bidon mara mbili, ndipo anaendelea. Nusu ya wimbo ilikuwa maji.

Ubeti wa mwisho ulinipita, kwa sababu machozi yalijaa ndani ya miwani na sikuwa na pa kuyafutia.

Nilipovua kaske, benchi lilikuwa tupu. Wanawake wote walikuwa wamesimama mstari mmoja, na Nyirakamana mbele yao, amekwisha kufungua kitambaa cha kichwa.

"Pisha, Mama Mahoro. Na mimi niende kwa mukwe wangu."

Nilifuta miwani kwa ncha ya kitenge nikampa, kisha nikaenda kusimama nyuma kabisa.

"Unarudia?" Gentil aliuliza.

"Imebaki ubeti moja. Batri itafika mwisho?"

Akatazama kompyuta, akatazama ule mstari, akachomoa simu yake iliyokuwa ikichajiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo na kuitia mfukoni.

"Itafika, mama."