Kitoroli Kidogo Kimebaki Kimoja

"Nimesema chukua hilo kubwa, bibi. Hilo nalo si toroli?"

"Hilo kabebee matofali wewe. Nataka kadogo."

"Kadogo hakapo."

"Wiki ile kalikuwepo."

"Wiki ile kalikuwepo, leo hakapo. Sasa nikazae?"

"Uzae wapi na hizo mbavu. Niitie bosi wako."

Bosi ni Baltazari, na kwa habari ya matoroli hajawahi kuitika. Mimi Kulwa ndo nasimamaga mlangoni hapa supamaketi, Musoma mjini. Nakusanya matoroli, naangalia risiti. Yale madogo yalikuwaga mengi. Yakaondoka moja moja. Mengine yanabeba madumu ya maji mitaani huko, lingine nililikuta kule ziwani Mugango limejaa samaki aina ya sato, na mwenye sato akanisalimia vizuri tu. Nikamwambia bosi aongeze. Akasema mwenye toroli dogo ananunuaga kidogo. Akaongeza makubwa.

Bibi huyu, Nyamburi, anakaaga mtaa wa Kamunyonge peke yake. Nyonga ya kushoto imeshachoka. Toroli kubwa mpini unamfika kifuani, na likishika kasi linaondoka naye. Kadogo kanamfika kiunoni. Anakaegemea, anazunguka duka zima, humjui kama anaumwa. Fimbo hataki. Anasema ukishika fimbo tu, watoto wanaanza vikao.

Na vikao vilishaanza. Binti yake Flora kaolewa Bunda, wanataka mama akakae huko. Wamemjengea chumba, uani kwa mkwe.

"Kwa mkwe, we mtoto!" aliniambiaga. "Niwe nachungulia mlangoni kama ameshapita, ndo niende choo?"

Maana kwao mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Flora akasema basi, mama, ukiweza kutembea ukajinunulia mwenyewe, baki Kamunyonge. Siku ukishindwa, tunakuja kukuchukua. Ndo maana kila wiki bibi anakuja, hata kama ndani chumvi ipo.

Mimi kugombana na wazee kunanichosha haraka. Nikaangaza ndani. Kule kwenye sabuni nikaona jamaa ana kale kadogo, kanyanyua kipande cha sabuni ananusa.

"Oya kaka!" nikapiga kelele. "Mwachie bibi hicho kitoroli, bila hicho hatembei huyu!"

Jamaa akageuka. Akamwona bibi. Palepale akarudisha uso kwenye sabuni, karibu aingie rafuni. Nikamgeukia bibi, naye kavuta kanga mpaka puani, anaangalia biskuti.

"We mtoto," akasema taratibu. "Unamjua yule?"

"Mteja."

"Magesa. Mume wa Flora."

Na mimi nilishamtangazia kwamba bibi hatembei.

"Kijana," jamaa akaziambia sabuni. "Mwambie mama shikamoo."

"Bibi, shikamoo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie marahaba."

"Marahaba."

"Na wewe usiitikie kama mtu mzima. Sema imetoka kwangu."

"Imetoka kwake," nikasema.

"Mwambie chumba kimeisha. Nimekuja kununua vya kuweka ndani."

Kweli, kitorolini kulikuwa na blanketi, beseni na kufuli jipya.

"Mwambie hilo kufuli akafungie ng'ombe," bibi akaziambia biskuti.

"Kasema..."

"Nimesikia," Magesa akasema. Ana sauti ya upole yule, ndo inakera. "Kijana, umesema bila kitoroli mama hatembei. Flora ataniuliza. Ni kweli?"

Hakuna aliyeniangalia. Mmoja sabuni, mmoja biskuti. Ukipita hapo unadhani mimi naongea na bidhaa.

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Unataniaga mama wa watu?"

"Kazini hapa tunataniana sana."

Magesa akavuta pumzi. Akatoa blanketi, akatoa beseni, akatoa kufuli, akavikumbatia vyote. Halafu kwa mguu, bila kutazama, akasukuma kitoroli. Kikaja chenyewe, kikasimama katikati, hatua chache tu kutoka kwa bibi.

"Mwambie akichukue," akasema. "Asijisumbue kwa sababu yangu. Nimeshaelewa."

Bibi akakiangalia. Mkono ulitoka kidogo kwenye kanga. Nikasema moyoni, chukua, bibi, chukua tu, nani atakuua. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka, niliuona mimi, na nikasogea nimkinge ili yule asiuone.

Mkono ukarudi ndani.

"Mwambie arudishe mizigo yake kitorolini, atavunjika mgongo," akasema, sasa kwa sauti ya duka zima. "Mimi nimefuata kiberiti. Kiberiti sijawahi kukisukuma na toroli."

Akafungua ncha ya kanga, akamlipa dada wa kaunta, akachukua kiberiti. Nikamnyooshea kiwiko ashike. Akakiangalia kama nimemnyooshea samaki aliyeoza.

"Simama mbali," akaninong'oneza. "Anaona."

Nikasimama mbali.

Akageuka. Akaenda. Hakushika rafu, hakushika ukuta, mlangoni hakushika mlango. Magesa akawa ameshatoa uso kwenye sabuni, maana mgongo unaruhusiwa kutazamwa, na tukabaki wawili tunamwangalia anavyoshuka kwenda barabarani, amenyooka kama askari wa gwaride, kiberiti mkononi.