Mwewe Mia Nne na Mmoja

Siku ya mwisho ya majaribio ya kazi, shemeji yangu alikuwa kando ya ziwa akihesabu mwewe wanaohama, nami nimemsindikiza. Kufikia saa sita alikuwa ameandika mia nne. Msimamizi, mama asiyechekacheka, akashika darubini.

"Baba, huyu mwenye pengo bawani umemhesabu mara ngapi?"

"Kila akipita, mama. Mimi sibagui."

"Na anahamia wapi?"

Mwewe akashuka jalalani, akanyakua kichwa cha samaki, akapaa tena. Kidole cha shemeji kikajibonyezea tu kihesabio alichoshika mkononi: mia nne na mmoja.

Mama akafuta yote daftarini, akaandika "Mwewe mmoja, mkazi," akamkabidhi shemeji begi lake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani shemeji alinilalamikia: yule mama anaionea wivu rekodi yake.