Mkono wa Kushoto wa Foriwaa

Mjini Effiduase mtu hafi sawasawa mpaka apite mikononi mwa Boatemaa. Daktari atasema amekufa, mchungaji naye atasema, wajukuu watalia mpaka sauti ziwakauke. Lakini siku ya matanga, watu wakishakaa chini ya maturubai na nguo zao nyeusi na nyekundu, macho yote huelekea kwenye pazia jeupe, na hapo ndipo marehemu huja kuaga. Anaanza mtoto mchanga, anakuwa mwanafunzi wa kaptura, bwana harusi, mzee wa fimbo, picha moja inayeyuka ndani ya nyingine na muziki unapiga. Watu walimletea Boatemaa mifuko ya picha zilizoliwa na mende, naye akawarudishia mtu anayetembea. Alijua kazi yake na hakuona haya kuisema.

"Fundi wa majeneza anawalaza," alizoea kusema. "Mimi nawaamsha."

Basi kasri ilipotaka filamu, haikupiga hodi kwingine. Mama Malkia wa mji, Nana Agyakomaa, alikuwa anatimiza miaka arobaini tangu alipokalishwa kwenye kigoda cha enzi, na msemaji wake, mzee Pepra, alikuja dukani mwenyewe na albamu kwapani.

"Tunataka kuiona tena siku aliyosimikwa," alisema. "Lakini siyo watu wamesimama kama miti. Iende."

"Itakwenda, mzee wangu."

"Na kila mtu awemo." Akajikuna shingo. "Isipokuwa ile moja. Unaijua."

"Sema ni ipi, mzee. Picha ninazo nyingi."

"Usinitie majaribuni, binti. Ile ya mama yako. Sherehe ni ya heri, hatutaki kufukua mambo."

Boatemaa aliijua, nani asiyeijua? Siku ile ya kusimikwa, mama yake Foriwaa ndiye aliyewaongoza wachezaji wa adowa, na adowa ni ngoma ya mikono. Miguu inatembea tu. Mikono ndiyo inayosema, na kila mtu uwanjani anaisikia. Wiki iliyofuata, mpiga picha Kyeremeh akabandika picha moja kubwa kwenye dirisha la studio yake. Foriwaa amesimama mbele ya Mama Malkia mpya, mkono wa kulia uko juu huko, na wa kushoto, peke yake, umenyooshwa wazi usoni pa Nana. Kwa watu wale mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haupokei kitu, wala hauelekezwi hata kwa mbuzi wa jirani. Studio ya Kyeremeh iliitwa Picha Haisemi Uongo. Watu walisoma jina juu ya mlango, wakaitazama picha, wakaondoka wameshahukumu.

Waliokuwa mbele siku ile walijaribu kueleza, lakini aliyeona kwa macho atashindana vipi na karatasi? Foriwaa mwenyewe hakujitetea hata siku moja.

"Nimeshacheza," alisema. "Nikianza kueleza, nitakuwa kama mpishi anayezunguka na sahani akiwaonyesha watu chumvi iko wapi."

Kasri haikumwita tena, naye hakucheza tena popote. Akauza samaki wa moshi sokoni, kichwa juu, na bei yake hakuipunguza kwa mtu. Boatemaa akakua akiitwa Binti wa Kushoto. Sasa nyonga za mama zilikuwa zimemfunga kwenye kiti cha barazani, lakini kichwa kilikuwa bado palepale juu. Na miaka yote ile, pamoja na maneno yote aliyosemewa, Foriwaa hakuwahi kujiona akicheza. Nani angemwonyesha?

Pepra alipoondoka, Boatemaa alikaa na hasira yake kidogo, kisha akaenda kwa bintiye Kyeremeh. Mpiga picha mwenyewe alikuwa amekufa siku nyingi, na filamu ya matanga yake aliitengeneza Boatemaa huyohuyo, kwa hiyo hakuulizwa maswali. Akapewa bati la biskuti. Filamu zenyewe za kamera zilikuwa zimeozeshwa na mvua, lakini ndani ya bati mlikuwa na vipicha vidogo kama stempu, vimekatwa kimoja kimoja, vimevurugika kama njugu. Akakiinua kimoja. Mama yake. Cha pili, mama yake. Bati zima lilikuwa Foriwaa.

Akaviskani vyote na kuvipanga kwa kukisia: mkono uko chini hapa, basi hapa uwe juu. Akavipitisha mbio kwenye kompyuta, kimoja baada ya kingine. Mama yake akatokea akirukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Mlangoni mtu akacheka. Alikuwa Agya Takyi, mpiga ngoma wa zamani, aliyepita kila asubuhi kutafuta wa kubishana naye.

"Huyo si Foriwaa," alisema. "Huyo anafukuza nyuki."

"Ni yeye, Agya. Ni siku ile."

Mzee akasogea, akavaa miwani, akainamia kioo. Kisha akasema, "Kyeremeh na kamera yake mpya! Ilikuwa inajivutia filamu yenyewe. Akashikilia kitufe kama mtoto aliyepata kengele ya baiskeli, tra-tra-tra, mpaka ikaisha yote. Mimi nilikuwepo, nilikuwa kwenye ngoma. Nilisema, mwanangu. Nilisema hakutukana. Wakaniambia nimekula fufu ya jikoni kwake, ndiyo maana namtetea."

"Ulikuwa umeila?"

"Hakunipa! Ndiyo inayoniuma." Akagonga meza kwa kidole. "Sikiliza. Ukipanga kwa macho hutaweza. Yule alikuwa anacheza akifuata kengele ya chuma inayoongoza ngoma. Tafuta kengele, utapata picha."

Wakamkuta Foriwaa barazani anamenya njugu. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyuso zenu zina wizi."

"Naipasha ngoma joto tu," alisema Agya Takyi akikaa. "Imelala sana."

"Kama mwenyewe."

Boatemaa akatandaza vipicha kwenye mkeka, nyuma ya kiti cha mama, ambako hakuweza kugeuka akaona. Mzee akaibana ngoma yake ya kwapani, akapiga, na kengele ya chuma akaiigiza kwa ulimi: ken-ken, ke-ken, ken. Foriwaa akaendelea kumenya. Akamenya taratibu zaidi. Halafu bakuli likateleza mapajani, njugu zikamwagika, na mikono yake ilikuwa imeshakwenda zake.

Ngumi mbili zilizungukana mbele ya kifua kama mtu anayekunja uzi. Zikafunguka. Mkono wa kulia ukagusa moyo, ukapanda. Boatemaa akavuta kipicha hiki mbele, kile nyuma.

"Tena, mama."

"Tena nini? Nafukuza inzi."

"Wafukuze tena," alisema Agya Takyi, na ngoma haikusimama.

Inzi wa baraza ile walifukuzwa mpaka jua likageuka. Njugu zilikanyagwa, jirani alichungulia akarudishwa kwa jicho moja, na vipicha vilipomalizika mkekani vilikuwa vimekaa kwenye mstari wake, kila kimoja na kengele yake. Foriwaa hakuuliza kilichokuwa kikifanyika nyuma ya kiti chake. Alisema tu kwamba Takyi amezeeka, anachelewa kwenye pigo la mwisho.

"Mimi nachelewa? Wewe ndiye uliyenichelewesha maisha yangu yote!"

Boatemaa alirudi dukani na sauti ya ngoma ile akiwa ameirekodi, akavipa vipicha muda wake. Mapengo yalikuwepo. Kulikuwa na programu ya kompyuta iliyosifiwa kwamba inajazia picha zilizokosekana. Akaijaribu, ikampa mama vidole sita. Akaifuta, akayaacha mapengo yalivyo. Kipicha kile kilichokatazwa, cha mkono wa kushoto, alikishika muda mrefu. Mwisho akakiondoa kwenye filamu. Kasri ni kasri, na yeye alikuwa amekubali kazi yao.

Asubuhi akaweka kompyuta mapajani pa mama.

"Nini hiki?"

"Tazama tu."

Ngoma ikalia. Msichana mwembamba, kitambaa cha kente begani, shanga magotini, akatoka gizani akakunja uzi wake wa hewa. Foriwaa alishika kingo za kompyuta kwa mikono miwili. Ilikwisha upesi, kama chafya. Akaitaka tena. Akaitaka tena.

"Kiuno kile," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyeniambia kiuno kilikuwa vile."

Boatemaa akamweleza habari ya vidole sita. Mama akacheka. "Vyangu vitano vilitosha kunitia matatani." Kisha akaangalia tena, na uso ukakunjamana.

"Umeniibia."

"Nimekuibia nini, mama?"

"Pale niliposubiri." Akainua mikono yake yenye mishipa. "Wa kushoto unatoka kwanza, unakuwa sahani. Halafu wa kulia unaanguka ndani yake: najiweka chini yako, nipokee. Kila mchezaji anafanya hivyo, chap chap, mikono miwili pamoja, asije akaonekana vibaya. Mimi niliutoa wa kushoto nikauacha pale. Nikaiacha kengele ipite. Watu wakadhani nimesahau. Takyi mwenyewe jasho likamtoka. Kengele ilipokuja tena, ndipo nikauangusha wa kulia. Hakuna mwingine katika mji huu aliyeweza kusubiri vile. Hapo umenichezesha kama mtu yeyote tu!"

Boatemaa alikaa sakafuni. Akakumbuka vile vipicha vya bati, mikono yote imekuwa moshi kwa mwendo, isipokuwa kimoja kilichotoka kikali kama kisu. Kyeremeh hakuwa na ubaya. Alichagua picha iliyo safi, na safi ilikuwa moja tu, kwa sababu ni hapo tu Foriwaa aliposimama tuli.

"Ndiyo ile waliyoikataza, mama."

"Irudishe."

"Kasri watatutoza faini ya kondoo."

"Nitamleta mwenyewe, nimemfunga kamba. Irudishe, na uiache ikae kengele nzima." Akajiinua kidogo kitini. "Na ile kente yangu iko kwenye sanduku. Mimi sikuitwa, ni kweli. Lakini mikono yangu ikienda kasri, siiachi iende peke yake."

Siku ya sherehe uwanja wa kasri ulijaa miavuli mikubwa ya rangi. Boatemaa na Agya Takyi walimbeba Foriwaa na kiti chake mpaka mstari wa nyuma. Watu waligeuka, wakanong'ona, wakageukia mbele. Yeye alikuwa anatazama pazia kana kwamba ni deni lake linalorudi nyumbani.

Filamu ikaanza. Wazee waliokwisha kufa wakapita wakipunga, watu wakawaita kwa majina. Nana akapita mabegani mwa vijana, mwembamba, dhahabu imemlemea. Kisha ngoma ikalia, na msichana akatoka.

Mzee Pepra alisimama. "Boatemaa!"

Mkono wa kushoto ukatoka. Ukabaki pale, mkubwa, wazi, upana wa pazia zima. Uwanja ukazima kama taa. Mtu akasema "Ee!" Agya Takyi alikuwa ameficha kengele ya chuma ndani ya nguo yake. Akaitoa, akasubiri, akaipiga mara moja: ken! Na kwenye pazia mkono wa kulia ukashuka juu ya ule wa kushoto, taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, na msichana akainama mbele ya Nana mpaka shingo ikaonekana.

Halafu kikongwe mmoja akapiga kelele, "Rudisha!" na uwanja mzima ukaitikia, rudisha, rudisha, wanawake wakisimama juu ya viti. Boatemaa akairudisha, akairudisha tena. Mara ya tatu watu walikuwa wameshajua. Mkono wa kushoto ulipotoka walisubiri nao, wote, midomo wazi, na kengele ilipolia waliachia pumzi kwa pamoja kama upepo katika majani ya kakao.

Nana Agyakomaa aliinua fimbo, wakanyamaza.

"Mimi siku ile sikuona," alisema. "Niliinamishwa kichwa, nafungwa shanga shingoni. Kesho yake nikaonyeshwa karatasi." Akamtazama Pepra, naye Pepra akatazama viatu vyake. "Yuko wapi?"

Njia ilifunguka yenyewe. Mama Malkia akashuka, mwavuli ukimkimbilia nyuma, akapita mstari kwa mstari mpaka wa mwisho. Kwenye adowa mchezaji hodari hapigiwi makofi. Anayemkubali humwendea akanyoosha vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kichwa chake. Nana akasimama mbele ya kiti cha plastiki, mkono wake mzee umejaa bangili, akanyoosha vidole viwili juu ya kilemba cha Foriwaa, akaviacha hapo.

Foriwaa hakulia. Alisawazisha kente begani. Kisha akautoa mkono wa kushoto, wazi, peke yake, mbele ya uso wa Nana na mji mzima.

Akasubiri.

Boatemaa alipapasa simu yake, akaiinua. Mama hakugeuza hata shingo.

"Boatemaa. Usinichukue picha moja tu."

"Siwezi, mama. Nakuchukua ngoma yote."

Agya Takyi alishika kengele na fimbo yake hewani, jasho likimtoka kama zamani. Na Foriwaa, alipoona wamesubiri vya kutosha, akauangusha mkono wa kulia.