Laini ya Pili

Nyapara wa machimbo alimvunja mkono mpasua mawe mmoja, mdogo wa Karani wa mizani, saa tatu asubuhi, kwa mtaimbo, mbele ya wapasua mawe arobaini. Kosa lake: alikaa chini kabla ya filimbi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Watu wakatazama viatu vyao.

Karani aliona yote kupitia dirisha la chumba cha mizani, mahali alipozoea kupiga picha za malori kwa kishikwambi cha ofisi. Safari hii hakupiga lori. Alirekodi.

Alipomshtaki Nyapara mara ya kwanza, Mkaguzi wa kazi alimwambia, "Dada, maneno matupu hayamfungi mtu. Nitumie picha." Sasa anayo, lakini ataitumaje? Neno la siri la mtandao wa ofisi analo Nyapara, na simu yake mwenyewe ni ya vitufe. Akatoka mbio hadi kibanda cha vocha nje ya geti, akarudi na laini mbili za data za bei chee, kila moja na bando dogo. Akapiga komeo. Akavua hereni, akafungulia kwa ncha yake kijidroo cha laini ubavuni mwa kishikwambi, kisha akampigia shemeji yake, fundi kompyuta.

"Shem, inasema imeunganishwa, lakini haifungui kitu."

"Laini za chee ndizo zao hizo. Ingia Mipangilio, kwenye mtandao wa simu, uongeze APN, ile anwani ya kuingilia mtandao, kwa mkono. Andika ninavyokutajia, herufi kwa herufi."

Akaandika. Mtandao ukawaka. Hata video hajaichagua, ujumbe ukaingia: bando limekwisha.

"Limekwisha? Limeliwa na nani?"

"Windows hiyo! Kuna mtu aliiruhusu kushusha masasisho hata kwa bando la simu. Umemwachia fisi bucha, shem. Zima ruhusa hiyo kwanza, ndipo utie laini ya pili."

Akazima. Akatia laini ya pili, akarudia APN, akaituma video kwa Mkaguzi. Asilimia kumi. Kumi na tano.

Kitasa kikatikiswa.

"Fungua, we mwanamke!" Alikuwa Nyapara. "Nimeambiwa ulikuwa dirishani!"

Karani akaegemeza mgongo mlangoni, kishikwambi kifuani. Liwalo na liwe. Mtaimbo ukapasua ubao, ncha yake ikamchoma begani. Thelathini na nane. Pigo la pili likatoboa tundu la kupitisha mkono, na mkono ukapita, ukamkamata nywele, ukamgongesha kichwa kwenye ubao mara tatu. Karani akageuka akauma kidole gumba mpaka meno yakagonga mfupa. Nyapara akapiga yowe. Sabini na moja.

Simu ilikuwa sakafuni, shemeji akiita, "Shem! Shem!"

Komeo likang'oka. Nyapara aliingia akimpiga teke la mbavu, akamkanyaga vidole mpaka akaachia. Akakiinua kishikwambi juu ya kichwa. Kutoka sakafuni, kwa jicho moja lisilojaa damu, Karani alisoma neno kwenye kioo: Imetumwa. Nyapara hakusoma. Alikibamiza ukutani vipande vipande, kisha akaokota mtaimbo.

Hakuwahi kuushusha. Yowe lake mwenyewe ndilo lililowaleta wapasua mawe, na walikuja na nyundo. Wa kwanza alimvunja goti. Wengine wakamvuta nje kwa miguu, kila mmoja na kisasi chake, vumbi likilowa wekundu.

Karani alitambaa mpaka kizingitini, akajitupa juu ya mtu yule anayemchukia kuliko wote duniani.

"Msimuue!" Alitema jino. "Mkimuua, mtafungwa ninyi!"

Nyundo moja ilikwisha kushuka. Ilimpata yeye pajani. Ndipo wakaacha.

Mkaguzi alifika na polisi kabla ya saa sita. Nyapara alifungwa miaka saba, akaingia gerezani akichechemea. Mkono wa mdogo wa Karani uliunga upande. Machimbo yalifungwa miezi mitatu, njaa ikabisha hodi katika nyumba nyingi, na baadhi ya wale arobaini waliacha kumsalimia. Karani aliwasalimia yeye, kila asubuhi, kwa majina yao ya utani, mpaka mmoja mmoja wakaanza kuitikia.